Alama Juu ya Tusekile

1

Timu nzima ya Kisima cha Tatu ilikuja msibani, na timu nzima iliishia getini.

Tusekile aliwaona kupitia mlango ulio wazi, akiwa amekaa mkekani ubavuni mwa jeneza la mama yake. Walikuwa wanane, wamevaa makoti ya njano ya kampuni, wameloa mvua nyembamba ya Rungwe ambayo hainyeshi ila haiachi. Walibeba turubai la chama chao cha kufa na kuzikana, masufuria mawili makubwa na mikungu ya ndizi. Wakati mke wa Anyisile alipofiwa na baba, Tusekile mwenyewe alilala sakafuni kwao siku zote za matanga, akipika na kufua. Ndivyo timu ilivyoishi. Wanaofanya kazi pamoja juu ya mvuke unaoweza kumchuna mtu ngozi huzikana pia pamoja.

Anyisile, jitu la mabega mapana lililozoea kufunga koki kwa mkono mmoja, alikuwa wa kwanza kuingiza mguu ndani ya geti. Akaurudisha haraka kama aliyekanyaga makaa. Akajaribu tena. Nyuma yake Mama Atuganile, mkubwa wao kwa umri, aliziba mdomo kwa khanga, akageukia shamba la chai na kutapika. Gwakisa, rafiki wa Tusekile wa miaka yote, alikuwa anatazama chini. Waliweka turubai kwenye matope, wakapanga masufuria na ndizi juu yake, wakaondoka kwa mwendo uliokaribia kuwa mbio.

"Umewaona?" shangazi yake alisema, akiwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Wamekususa! Mama yako hajafukiwa, wewe wamekususa mchana kweupe. Mmoja anatapika kabisa, kana kwamba hapa pananuka!"

"Shangazi, watu wanasikia."

"Wasikie! Na vitu vyao virudi. Hatujafikia kuomba turubai."

Tusekile alitazama rundo lile la njano na kijani pale getini. Katika nchi ile, kurudisha turubai la msiba bila kulifungua ni kumwambia mwenzako: kuanzia leo usinizike, na mimi sikuziki. Alilijua hilo vizuri kabisa.

"Virudi," akasema.

Kijana wa bodaboda akavirudisha kisimani, na Lusubilo, mama yake Tusekile, akazikwa na majirani.

2

Tusekile hakuwa na kitovu.

Mama yake alipoteza kizazi akiwa msichana, na alipotaka mtoto akaenda mjini, kwenye mitungi. Tusekile alikua miezi tisa ndani ya chombo cha kioo na plastiki, akilishwa kwa ngozi yake yote kama yai linavyopumua. Alipotolewa hapakuwa na kamba ya kukata. Watoto wengine wa kijijini walijua mgomba ambao vitovu vyao vilizikwa chini yake, na waliugombania kama urithi. Yeye alikuwa na tumbo laini kama kiganja. "Kamtungi," walimwita. "Kamtungi, nyumbani kwenu ni stoo ya hospitali?"

Alikua, akasoma, akaajiriwa na Mvukezi, kampuni iliyokuwa ikichimba mvuke chini ya milima na kuugeuza umeme wa nusu ya nchi. Huko alipewa uzi.

Uzi ni waya mwembamba kuliko unywele unaolazwa chini ya ngozi ya kisogo. Ukiwashwa zamu inapoanza, unafunganisha hisia za timu. Mmoja akihisi bomba linatetemeka vibaya, mikono ya wote inasita. Mmoja akichoka, wote wanajua ni nani wa kumpokea. Hausafirishi mawazo, wala maneno. Unasafirisha kile ambacho mwili unajua kabla ya kichwa. Na kwa sababu hiyo timu zote zina kiapo kimoja: yaliyopita kwenye uzi hayatoki nje. Tusekile alijua huzuni gani Anyisile alibeba tumboni kila alipoona mtoto mchanga. Hakuwahi kumtajia hata mkewe.

Anayeongoza huitwa mshika uzi. Ni yeye tu anayeweza kutia alama. Koki ikiharibika, haitoshi kuandika kibao, maana mvuke ukifoka hakuna anayesoma. Mshika uzi anaitia alama, na kuanzia hapo kila mmoja akiikaribia mwili wake unajaa hofu, tumbo linageuka, miguu inagoma. Huwezi kujishauri ukaishinda. Imetengenezwa ili usiishinde.

Nafasi ya mshika uzi ilipokuwa wazi, Tusekile aliwashinda wote kwenye majaribio. Mhandisi Ambakisye, mkuu wa kisima, alimwita ofisini, akammiminia chai, akatabasamu.

"Dada, kazi yako naiheshimu. Lakini fikiria mwenyewe. Mtu ambaye hakuwahi kufungwa na mama yake kwa kamba, atashikaje uzi wa watu wanane?"

Nafasi akaishika mwenyewe, "kwa muda". Tusekile akapeleka malalamiko ya ubaguzi Baraza la Usawa. Wiki ile ile akazimiwa uzi na kuhamishiwa stoo ya glavu, "kwa usalama wako". Na wenzake, ambao zamani walimrushia utani kutoka mwisho wa uwanja, wakaanza kupinda njia kila walipomwona.

3

Gwakisa alikuja nyumbani kwa Tusekile akiwa katikati ya likizo, saa za kuanika nguo. Alisimama nje ya geti, akaingiza mguu mmoja, akautazama.

"Unacheza rede?" Tusekile akamuuliza kwa ubaridi, kibanio kinywani.

"Nausikiliza mguu wangu." Akaingiza na wa pili. Akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Haki ya Mungu! Tuse, hakuna kitu!"

"Ulitegemea kitu gani? Mbwa?"

"Hofu."

Alimwambia yote wakiwa wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Siku ya msiba walikuwa wametoka zamu. Walichanga, walipanga, Mama Atuganile alilia njia nzima kwa sababu marehemu alikuwa mwimbaji mwenzake kanisani. Walipofika getini na kumwona Tusekile mkekani, miili yao ikagoma.

"Nilidhani ni uchawi. Kweli! Mimi, fundi wa mvuke, nikadhani mama amewekewa kitu jenezani. Halafu nikaingia likizo. Uzi umezimwa siku zote hizi. Jana nilikuona sokoni kwa mbali nikasubiri tumbo ligeuke. Halikugeuka. Nikajiuliza, ni kitu gani kinanitisha nikiwa kazini na hakinitishi nikiwa likizo?"

Tusekile aliacha kutikisa shati alilolishika.

"Alama," akasema.

"Amekutia alama. Kama bomba bovu. Inaingia upya kila zamu na kubaki mwilini hata tukitoka. Na wenzetu hawajui, Tuse. Kila mmoja anadhani ni yeye. Anyisile anadhani ana roho mbaya. Mama Atuganile kafunga kwa maombi."

"Na mimi nikarudisha turubai."

"Ulirudisha." Gwakisa alikuna shingo. "Ilituuma, siwezi kukudanganya. Ilituuma sana."

Akampa mkono, akamshika kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. "Pole na msiba, dada. Nimechelewa."

"Nimeshapoa," Tusekile akajibu, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu kifo, kwa sauti, shati lililoloa likiwa usoni.

4

"Hili ni dai jipya," alisema Bi Mkelemi, msikilizaji wa Baraza, mwanamke mkavu mwenye miwani mikubwa na sauti ya mwalimu wa hesabu. "Ubaguzi ni kwamba walikunyima kazi kwa sababu ya ulivyozaliwa. Hii ni kulipiza kisasi: wanakuadhibu kwa sababu ulilalamika. Sheria inaruhusu kuliongeza kwenye shauri lile lile, si lazima tuanze upya. Ila lazima unioneshe mambo matatu. Kwamba ulilalamika, hilo lipo. Kwamba ulitendewa ubaya. Na kwamba ubaya huo umetoka kwenye malalamiko."

"Amenitia alama baada ya kulalamika. Kuna ubaya gani zaidi?"

"Naamini. Lakini kuamini kwangu si ushahidi. Kampuni inasema haina kumbukumbu ya alama yoyote juu ya mtu. Gwakisa akisema, watasema ni rafiki yako. Wengine wataapa kwamba hawakuambiwa kitu, na watakuwa wanasema kweli."

"Kwa hiyo?"

Bi Mkelemi alivua miwani. "Kuna kusomwa. Ukiomba, naweza kuagiza timu yote isomwe uzi. Hawawezi kukataa, maana kisheria uzi ni mali ya kampuni, na mali ya mlalamikiwa inakaguliwa. Alama itaonekana wazi, hofu isiyo na mwanzo. Utashinda asubuhi hiyo hiyo."

"Na vingine vitaonekana?"

"Msomaji hachagui. Yatasomwa yote yaliyopita, mbele ya pande zote mbili."

Tusekile alirudi nyumbani akasimulia. Shangazi yake hakuona tatizo.

"Wasomwe! Walikuacha na maiti!"

"Hawakuniacha. Walizuiwa."

"Basi wakusaidie kumkamata aliyewazuia. Kusomwa kunauma?"

"Hakuumi."

"Sasa?"

"Shangazi, kuna mtu mle nimebeba siri yake miaka sita. Hakuniambia, nilihisi tu. Itasomwa kwa sauti mbele ya wakili wa kampuni na yule bwana mwenye tabasamu. Kuna mwingine anampenda mtu asiyepaswa kumpenda. Mwingine anaogopa mvuke kila siku na hakuna anayejua nje ya sisi. Nikiomba wasomwe, nitakuwa nimewaingilia mwilini bila kuwauliza." Alisimama, akakaa tena. "Ambakisye naye amefanya nini kingine? Tofauti yangu na yeye itakuwa nini, kwamba mimi nina haki na yeye hana? Na yeye anadhani ana haki!"

Shangazi akachambua mboga.

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitabaki bomba bovu. Watazeeka wananiogopa, na mimi nitazeeka nikihesabiwa kwamba ndiye niliyewakosea. Na atakayelalamika baada yangu atatiwa alama yake."

"Basi mwanangu, huna njia."

"Ndiyo maana silali."

5

Kikao kilifanyika asubuhi, kwenye ukumbi wa halmashauri uliokuwa na viti vya plastiki na madirisha makubwa. Timu ililetwa na kampuni kama mashahidi wake. Waliketi kwenye benchi ukutani, upande wa dirisha, wakiwa wametoka zamu ya alfajiri. Gwakisa alikuwa miongoni mwao. Likizo ilikwisha, na Tusekile alipoingia alimwona akikaza macho na kung'ata meno kama wengine. Benchi lote lilirudi nyuma kidogo, miguu yake ikakwaruza saruji.

Mhandisi Ambakisye alikuwa ameketi mbele, mikono imekunjwa juu ya tumbo. Wakili wake, Fungameza, kijana mtanashati mwenye sauti tamu, aliwauliza mmoja mmoja.

"Kuna mtu aliyewahi kukuambia umtenge Bi Tusekile?"

"Hapana," alisema Anyisile, akitazama mapaja yake.

"Hapana," alisema Mama Atuganile. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Hapana," walisema wote, na wote walisema kweli.

"Mheshimiwa," Fungameza akamgeukia Bi Mkelemi, "hapa hakuna kisasi. Kuna huzuni ya kawaida ya watu wa kawaida. Watu hawa walikwenda msibani wamebeba turubai, masufuria, ndizi. Mlalamikaji akavirudisha vyote kwa bodaboda! Sote tumezaliwa huku, tunajua maana yake. Ni nani aliyemtenga mwenzake?"

Ukumbi ulinung'unika. Tusekile alihisi uso unamchoma, kwa sababu sehemu ile haikuwa uongo.

Bi Mkelemi aliandika kitu, akainua kichwa. "Bi Tusekile. Kwa yaliyo mbele yangu, siwezi kuongeza dai hili. Unayo haki moja iliyobaki. Unaomba wasomwe?"

Kwenye benchi watu wanane waliinua macho kwa pamoja. Anyisile alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu. Hakuwa anamwogopa Tusekile kwa alama tu sasa. Hofu hii ilikuwa yake mwenyewe.

"Hapana," alisema Tusekile. "Siombi."

Ambakisye akatabasamu.

"Naomba kitu kingine." Alisimama. Alijitahidi kusema polepole, kwa sababu aliona kila neno lake linavyowapiga usoni. "Mama yangu alifariki. Hawa walikuja kunipa pole, haikufika. Mimi nikakasirika, nikafanya kosa, nikarudisha turubai. Wakili kasema kweli. Kwa hilo nawaomba msamaha mbele ya watu wote. Anyisile, nisamehe. Mama, nisamehe. Gwakisa, wote. Na kama mmenisamehe, naomba mnipe pole yangu sasa. Hapa hapa, mkono kwa mkono. Asiyetaka akae, na mimi sitamuuliza maisha yangu yote kwa nini alikaa."

"Mheshimiwa, hapa si msibani!" Fungameza alisema.

"Unajua sheria yoyote, wakili, inayokataza watu kupeana pole?" Bi Mkelemi aliuliza.

Fungameza akaketi.

Tusekile alinyoosha mkono, akasubiri.

Anyisile alisimama wa kwanza. Alipiga hatua, ya pili, ya tatu, kisha mabega yale mapana yakaanza kutetemeka kama ya mtu mwenye malaria. Jasho lilimfunika. Alinyanyua mguu, mguu ukabaki hewani, haukushuka. Akaangua kilio cha hasira na kuanguka kwa magoti, akiupiga mguu wake kwa ngumi. "Nataka kwenda!" alisema. "Mungu wangu, nataka kwenda! Mbona siendi?"

Gwakisa alifika karibu naye, akashindwa, akashika ukuta na kugeuza uso. Mwingine alitapika ndani ya kofia yake. Hakuna aliyekuwa anacheza. Watoto wa shule waliokuwa wakichungulia dirishani waliacha kucheka.

"Wanaigiza," alisema Fungameza, lakini alisema kwa sauti ndogo, na alikuwa anamtazama mteja wake. Ambakisye hakuwa anatabasamu tena. Mikono ilikuwa imeshuka kutoka tumboni. Alama ile angeweza kuiondoa kwa njia moja tu, kukiri kwamba ipo.

Tusekile alitaka kuwaendea. Mwili wake wote ulitaka kuvuka saruji ile na kumwinua Anyisile. Alisogea, hatua moja tu, na benchi lote likapiga yowe. Akarudi. Akaelewa kwamba huruma yake ndiyo ingewaua. Ilimbidi asimame pale, mkono umenyooshwa, awatazame wanavyoteseka kwa ajili ya mkono huo, na asifanye lolote.

"Inatosha," akasema, sauti ikikatika. "Kaeni. Nimeona. Inatosha, jamani."

"Nyamaza," alisema Mama Atuganile.

Alikuwa amesimama. Alikuwa amefumba macho kabisa, mikono mbele kama mtu anayetembea ndani ya moshi. "Nyamaza mwanangu, sauti yako inanichoma. Usiniambie nikae. Nimeimba na mama yako miaka thelathini. Nani ananikataza kumpa pole mtoto wake? Nani?"

Akaja. Hakuja kama mtu anayetembea, alikuja kama mtu anayesukuma ukuta. Alisimama, akapumua, akasukuma tena. Damu kidogo ilimtoka puani, akaifuta kwa khanga bila kufumbua macho. Bi Mkelemi alikuwa ameacha kalamu. Kila mtu ukumbini alisikia mabati yakidondokewa na mvua, na sandali za yule mama zikikokota kwenye saruji.

Vidole vyake viligusa vidole vya Tusekile. Vikaruka. Vikarudi. Kisha mikono yote miwili, baridi, iliyolowa, ikakamata.

"Pole, Tusekile," alisema kwa meno yaliyokazwa. "Pole na mama. Alikuwa na sauti nzuri kuliko yangu, na alilijua hilo, na alinisumbua sana kwa hilo. Pole."

"Karani," Bi Mkelemi alisema kwa sauti ya chini. "Andika. Dai la kulipiza kisasi limeongezwa kwenye shauri. Na uandike ulichokiona, chote, usiache hata jasho."

Fungameza alisimama kupinga, akamtazama yule mama, akakaa.

Tusekile alikuwa na neno la kujibu, neno ambalo kila mfiwa hulijibu, na midomo yake ilikuwa imeshafunguka kulisema. Alilimeza. Hakutoa sauti yoyote, ili asimchome. Aliminya tu ile mikono, kwa nguvu zake zote, na juu ya bega la yule mama alimwona Anyisile akishika benchi, akisimama tena.